Njaa Iliyotoka Ofisini

Namtumbo, kama Ungoni kote, Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani hukumbukwa kwa kitanzi: Nduna Mkomanile wa Kitanda alinyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na wakuu wengine wa Wangoni. Lakini walioangamizwa na njaa ni wengi mno kuliko walionyongwa, na njaa ile haikushuka kutoka mbinguni. Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim wa jeshi la Wajerumani alimwandikia Gavana wao, von Götzen, kwamba silaha peke yake hazitoshi, njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Vijiji vikachomwa, mashamba na akiba za chakula zikateketezwa. Wajerumani walikiri vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Nikimlinganisha Götzen na Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyepanga treni za kuwapeleka Wayahudi kwenye kambi za mauaji, atatokea wa kupinga akisema hawawezi kuwekwa pamoja. Ni kweli kwa upande wa lengo: Götzen alitaka watii na walipa kodi (maiti hailipi kodi), ilhali Wanazi walikusudia kulifuta taifa zima. Kwa upande wa utendaji, hata hivyo, wote wawili waliua wakiwa mezani. Eichmann alihukumiwa Jerusalem mwaka 1961. Götzen hakushtakiwa, mwaka 1909 alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo.