Unataka Kutoa Injini ya 1300 Kwa Ka-Samurai Uweke ya Vitara? Soma Hii Kwanza

Uko na ka-Suzuki Samurai, ama ile SJ413 ya mzee yenye ilikuwa imelala shagz kuku wakitaga ndani. Matope inapita kama mchezo. Lakini ukishika mlima kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, matatu zinakupita, malori zinakupita, hadi unaanza kuogopa boda. Nakuelewa buda.

Shida si uzee pekee. Hiyo injini ni G13A, cc 1324, na ikiwa mpya kule Marekani ilikuwa inatoa nguvu ya farasi kama 63. Hiyo ni ukiwa usawa wa bahari. Nairobi iko juu karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kitu kama asilimia 15. Sasa beba wasee wanne na jiko ya nyama choma uone.

Dawa yenye mafundi wanapenda ni G16, ile 1600 ya Vitara za kwanza, zenye Wajapani wanaita Escudo. Ya valvu 8 ilikuwa na farasi 80, ya valvu 16 ikafika 95. Sababu ya kupendwa ni rahisi: G13 na G16 ni ndugu wa tumbo moja. Matundu ya bolti yanaingiana na giaboksi yako, so huhitaji kuchongewa sahani ya kuunganisha. Wamarekani wengine huweka dizeli ya Volkswagen, ambayo inavuta vizuri sana chini, lakini hapo lazima utafute hiyo sahani. Hapa kwetu baki na Suzuki, spea utapata.

Kuingiana haimaanishi unapiga bolti nne unaenda. Maunti za injini lazima zibadilishwe. Sahani ya klachi hakikisha inaingia kwa shafti ya giaboksi yako kabla hujalipa mtu. Redieta ya 1300 itachemka, weka kubwa. Na mkanda wa taiming badilisha injini ikiwa bado iko chini, kazi ni ya dakika chache, ikishaingia ni matusi tu.

Kwenye watu wengi wanaangukia ni umeme. Samurai ya zamani ni ya kabureta, G16 ya valvu 16 ni ya injekta. Inataka kompyuta yake, nyaya zake zote, sensa zake, na pampu ya mafuta yenye presha mara kadhaa ya ile yako. Muuzaji akikata nyaya na msumeno ndio atoe injini haraka, umenunua jiwe. Kama unaweza, nunua gari nzima iliyogongwa nyuma. Utaona ni ghali, lakini kila kitu iko hapo.

Halafu breki. Watu hawapendi hii story. Umeongeza farasi thelathini kwa gari fupi, refu kwenda juu, yenye nyuma ina breki za dramu za zamani. Mnamo 1988 jarida la Consumer Reports huko Marekani lilisema Samurai haikubaliki kwa sababu ya hatari ya kupinduka. Suzuki waliwashtaki, kesi ikaisha kwa makubaliano 2004. Sichagui upande, lakini hakuna mtu amewahi kusema hiyo gari iliundwa kwa 120 kwa saa. Fanya breki na shoki kabla ya injini, si baada.

Karatasi nayo. Logibuku yako iko na namba ya injini na cc. Ukibadilisha, NTSA lazima wajue, gari ikaguliwe, logibuku irekebishwe. Bima pia waambie, la sivyo siku ya ajali watakuuliza hii 1600 ilitoka wapi. Na ukinunua injini Grogan ama popote, dai risiti yenye namba ya injini imeandikwa, uilinganishe na ile imechongwa kwa bloku. Namba ikiwa imekwaruzwa, toka hapo mbio hata kama bei ni tamu. Hiyo inaweza kuwa ya gari ya mtu analia Buru Buru.

Sasa swali lenye fundi hatakuuliza kwa sababu anataka kazi: uliongeza tairi? Wengi waliweka tairi kubwa, gari ikawa nzito kuvuta, wakalaumu injini. Samurai ina kisanduku cha fo-wili kando na giaboksi, na gia yake ya chini ni 2.27 kwa 1 pekee. Kuna seti za kuifikisha zaidi ya 4 kwa 1. Kama safari zako ni mawe na matope, hiyo itakusaidia kuliko 1600, na namba ya injini haiguswi. Kama ni barabara ya lami, Nairobi hadi Nakuru kila wiki, basi injini.

Ukiwa na Jimny mpya zaidi ya M13A, ndugu yake ni M16A ya Grand Vitara. Mambo ni karibu yale yale, ila kompyuta ni kichwa ngumu zaidi. Tafuta fundi wa umeme kwanza, wa spana baadaye.