Chekechea: kulea au kufundisha?

Ukipita mtaani saa moja asubuhi utawaona: begi kubwa kuliko mgongo, sare, chupa ya maji shingoni. Wana miaka minne tu! Jioni mzazi anamuuliza mwalimu swali lilelile: "Ameshajua kusoma?" Sasa hebu turudi nyuma kidogo. Chekechea zilianzishwa kwa ajili gani hasa? Utashangaa, hazikuanza na sababu moja.

Mwaka 1816 Robert Owen, meneja wa kiwanda cha pamba cha New Lanark, Uskoti, alifungua shule ya watoto wadogo wa wafanyakazi wake. Wazazi wako kazini, watoto wanaimba, wanacheza, wanatoka nje. Vitabu havikupewa nafasi kubwa. Hapa lengo la kwanza lilikuwa malezi.

Mwaka 1837 Friedrich Fröbel alianzisha yake Bad Blankenburg, Ujerumani, na mwaka 1840 akaipa jina la "bustani ya watoto". Aliwapa mipira na vipande vya mbao, kwa sababu aliamini mtoto hujifunza kwa kucheza. Unadhani nani angeogopa mipira? Serikali ya Prussia! Mwaka 1851 ilipiga marufuku shule hizo kwa madai ya ukafiri na usoshalisti, ikimchanganya Fröbel na mtoto wa kaka yake, Karl. Fröbel alifariki mwaka uliofuata. Marufuku iliondolewa mwaka 1860.

Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alianza na watoto wa mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Kwake, viti vilikuwa vya kimo cha mtoto, na mtoto alichagua kazi yake mwenyewe.

Na kwetu? Wazazi Waislamu wa pwani ya Kenya walitaka watoto waingie darasa la kwanza wakiwa tayari, bila kuacha dini. Mwaka 1986, Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said akishirikiana na Wakfu wa Aga Khan alianza chekechea za madrasa: dini, michezo na maandalizi ya shule chini ya paa moja, jamii yenyewe ikiwa mwenye shule. Mpango ukafika Zanzibar na Uganda.

Kwa hiyo chekechea ya kulea, ya kucheza na ya kuandaa shule zote zina historia yake. Shida inakuja tunapobakiza moja tu, ile ya kukaririsha. Kesho ukimfuata mwanao, jaribu swali jingine: "Leo mmecheza nini?"