Mbamba Bay: jua, kivuli na picha ambazo hatukupiga

Nilikuwa kusini, huko Mbamba Bay, pwani ya Ziwa Nyasa. Kikazi nilikwenda kuandika habari ya siku mbili tu. Nikaomba siku mbili nyingine kwa gharama zangu, nikachukua kamera na kutembea kwa miguu. Leo siandiki habari ile. Naandika nilichojifunza njiani kuhusu mwanga na historia.

Nianze na jiografia. Mbamba Bay inatazama magharibi. Nyuma yake kuna vilima, mbele kuna maji, na ng'ambo ni Malawi. Kwa hiyo asubuhi jua huchelewa kufika ufukweni. Saa kumi na mbili nilikuwa nimesimama kwenye mchanga wa baridi, kivulini, huku maji ya mbali yakiwa tayari yanang'aa. Mwanga ulikuja taratibu kutoka ziwani kuelekea kwangu, kwa sababu kivuli cha vilima kilikuwa kinarudi nyuma. Mitumbwi ya wavuvi wa usiku ilitoka kwenye nuru na kuingia kivulini. Nilipiga picha thelathini. Kati ya hizo, nne zinafaa.

Mchana ni habari nyingine. Jua likiwa la utosi, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe, na kila kitu kinakuwa bapa na cheupe. Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu Umatengo.

Ukipita milima ya Mbinga saa saba mchana utaona miteremko yenye mashamba, basi. Pita palepale saa kumi na moja jioni. Jua likilala, kila shimo linajaa kivuli na mlima mzima unageuka masega ya nyuki. Hayo ndiyo mashamba ya ngolo. Mkulima hufyeka nyasi, huzipanga chini kwa mistari inayokatizana kama miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuufukia juu ya nyasi. Mazao huota kwenye matuta, na shimo hukamata maji ya mvua yasiondoke na udongo.

Wamatengo walibanwa kwenye milima hii karne ya 19, wakati wa mashambulizi ya Wangoni. Ardhi ilikuwa ndogo na yenye mwinuko mkali, lakini iliwalisha. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika kuhusu kilimo hiki katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lakini miaka ya 1950 serikali hiyohiyo ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kule Morogoro kuchimba matuta ya ngazi, hadi vurugu zikazuka mwaka 1955 na mpango ukafa. Jiulize: ni wataalamu wangapi waliotazama milima yetu saa saba mchana wakadhani wameiona?

Kaskazini mwa Mbamba Bay kuna Liuli. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu mwamba uliopo pale waliuona unafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Wenyeji wana jina lao, Pomonda. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Yeye na Rhoades walikuwa marafiki wa kunywa pamoja! Niliutazama mwamba ule kuanzia mchana hadi jua linazama. Mchana niliona jiwe. Jioni, upande mmoja ulipoingia giza, nikaona walichokiona Wajerumani. Lakini mwamba ulikuwa uleule, na jina lililoingia kwenye ramani lilikuwa la mgeni.

Na picha je? John Kirk alikuja na kamera katika safari ya Livingstone ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Enzi hizo kioo cha kamera kilihitaji mwanga kwa muda mrefu, hivyo kilichotembea kilififia. Baadaye, wakati wa Wajerumani, Walther Dobbertin alipiga picha nyingi sana za nchi hii. Leo ziko katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na mwaka 2008 hifadhi hiyo ilitoa maelfu ya picha zake, zikiwemo za Dobbertin, zionekane bure kwenye intaneti. Nashukuru. Lakini inauma kidogo kuomba sura ya nyumbani kwa jirani.

Jioni ya mwisho nilimkuta mzee mmoja akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapiga picha ya nini, na samaki hakuna?"

Nikamwambia napiga mwanga. Akacheka sana. Nikamuuliza kama ana picha ya ufuko huu wa zamani, alipokuwa kijana.

"Nina picha ya kitambulisho tu," akasema. "Nyuma yangu kuna kitambaa cha bluu."

Wasomaji wangu, sentensi hiyo sijaisahau. Mtu ameishi miaka yote hiyo mbele ya ziwa hili, na picha yake pekee ina kitambaa.

Mbamba Bay inabadilika. Lami ya takriban kilomita 66 kutoka Mbinga imefika, na kazi ya kujenga bandari mpya imeanza. Mimi sipingi. Watu wa huko wameteseka vya kutosha na matope. Ila ufuko nilioupiga asubuhi ile hautabaki ulivyo, na safari hii hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu kwa kutokuwa na picha. Simu tunazo mfukoni.

Kwa hiyo amka mapema, tembea, piga kwenu. Piga asubuhi, rudi jioni, simama palepale. Kisha andika tarehe, mahali na jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka, maana picha isiyo na jina ni yatima.

Yule mzee nilimpiga jua likizama, ziwa likiwa nyuma yake. Nimeisafisha picha, nimempa kondakta wa basi la Mbinga aifikishe. Nasubiri kusikia kama imefika.