Profesa Aliyehesabu Hukumu za Kifo

Mtu mmoja akidhulumiwa mahakamani, msomaji, ni rahisi kusema kwamba shahidi alisema uongo au jaji alikosea. Lakini dhuluma iliyotapakaa katika mahakama za jimbo zima haionekani na mtu aliyeketi akisikiliza kesi moja. Huonekana kwa kuhesabu. Kazi hiyo ilifanywa nchini Marekani na David Baldus, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Iowa, akisaidiwa na mwanasheria Charles Pulaski na bingwa wa takwimu George Woodworth.

Walichukua kesi za mauaji zaidi ya 2,000 za jimbo la Georgia za miaka ya 1970. Katika kila kesi waliandika silaha iliyotumika, makosa ya zamani ya mshtakiwa, jinsi marehemu alivyouawa, na mambo mengine mengi, yapata 230 kwa jumla. Usiipite kazi hiyo upesi. Bila ya taabu ile, yeyote angaliweza kujibu kwamba waliohukumiwa kifo walikuwa wabaya kuliko wenzao, na mazungumzo yangalikwisha.

Walikuta nini? Waliouawa walipokuwa wazungu, wauaji 11 katika kila 100 walihukumiwa kifo. Waliouawa walipokuwa weusi, alihukumiwa mmoja tu. Mweusi aliyemwua mzungu alikuwa katika hatari kuu, 22 katika 100. Hata makosa yalipolinganishwa na makosa ya namna yake, uwezekano wa hukumu ya kifo ulikuwa mara 4.3 kwa aliyemwua mzungu. Angalia basi: rangi iliyotiwa katika mizani zaidi ilikuwa ya marehemu.

Hesabu hizo zilitumiwa na mawakili wa Warren McCleskey, mtu mweusi aliyehukumiwa kifo kwa kumwua polisi mzungu katika unyang'anyi wa duka la samani mjini Atlanta mwaka 1978. Tarehe 22 Aprili 1987 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilimkatalia, majaji 5 kwa 4. Jaji Lewis Powell, mwandishi wa hukumu, hakuzipinga hesabu. Alizichukua kama kwamba ni sahihi. Alitaka McCleskey athibitishe kwamba walioamua kesi yake yeye walikusudia kumbagua. Tena alihofu kwamba hoja hiyo ikikubaliwa, adhabu nyingine zote zingetiliwa shaka vivyo hivyo. Mimi naona hoja hii ni ya ajabu: ugonjwa umeenea mno, basi mgonjwa asipewe dawa!

Miongoni mwa wale wanne waliopinga alikuwamo Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London.

Powell alistaafu mwaka ule ule wa 1987. Mwaka 1991 mwandishi wa habari za maisha yake alimwuliza kama ipo kura ambayo angependa kuibadili. Akajibu kwamba ipo, ya kesi ya McCleskey. Tarehe 25 Septemba ya mwaka huo McCleskey aliuawa katika kiti cha umeme.

Majimbo machache yametunga sheria za kuruhusu ushahidi wa namna hii: Kentucky mwaka 1998, North Carolina mwaka 2009, lakini ikaifuta mwaka 2013, na California mwaka 2020. Sheria ya California haimdai mshtakiwa athibitishe nia iliyofichika moyoni mwa mtu.