Kofia Ngumu Pasipo na Trafiki: Hoja Kutoka Mbwera

Kofia ngumu ya pikipiki nchini Tanzania imezoeleka kuwa jambo kati ya dereva na askari. Kwenye barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Kibiti na Daraja la Mkapa kwenda Lindi, dereva wa bodaboda huivaa anapohisi trafiki yuko mbele, kisha huirudisha kwenye tangi au kiwikoni akishampita. Mazoea hayo yana mantiki yake: ikiwa kofia ni kinga dhidi ya faini, haina kazi pasipo na wa kutoza faini. Huko Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji wilayani Kibiti, yanageuka kuwa nadharia kamili. Hapa ni vijia vya mchanga na udongo, magari ni nadra, na sehemu ya safari hufanywa kwa boti. Kwa nini mtu avae kofia akienda shambani kwake?

Dai la makala haya ni kwamba mantiki hiyo imekaa kichwa chini. Kofia ina thamani kubwa zaidi Mbwera kuliko Kariakoo, Dar es Salaam, na sababu yake haihusiani na wingi wa magari.

Tuanze na hoja ya mwendo mdogo, maana ndiyo inayosemwa zaidi vijiweni. Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki kipo kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Kikianguka kutoka hapo bila kusukumwa na chochote, kinafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki yenyewe imesimama. Mchanga mlaini hupunguza kishindo. Kisiki na mzizi wa mkorosho havipunguzi kitu.

Wapanda farasi wa Ulaya na Marekani walibishana juu ya jambo hilihili kwa miaka mingi. Katika mashindano ya farasi wa madaha (dressage), wapandaji mahiri walivaa kofia ndefu za heshima, wakiamini kwamba ujuzi wao na mwendo wa taratibu vinatosha. Mwezi Machi 2010, Courtney King-Dye, Mmarekani aliyeshiriki Olimpiki ya 2008, alikuwa akifunza farasi huko Florida bila kofia ya kinga. Farasi alijikwaa, akaanguka naye. Mpandaji alipasuka fuvu na kupoteza fahamu kwa wiki kadhaa. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilichukua muda mrefu kufikia uamuzi, lakini tangu 2021 kofia ya kinga ni lazima kwa wote, mabingwa na wanafunzi. Funzo linalotuhusu ni jepesi: halikuwapo gari, hakuwapo mpinzani, na ujuzi haukuwa na nafasi ya kutumika.

Hoja nzito zaidi ni ya muda. Jeraha baya la kichwa mara nyingi halimalizi kazi yake pale mtu anapoanguka. Mshipa hupasuka, damu hujikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo, na majeruhi anaweza kuinuka, kujipangusa vumbi, hata kutania. Baadaye analalamika usingizi. Mwaka 1981 mtafiti Seelig na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 82 waliovuja damu chini ya utando wa ubongo na kuzimia kabisa. Miongoni mwa waliopasuliwa ndani ya saa nne tangu kuumia, asilimia 30 walikufa. Kwa waliocheleweshwa zaidi ya hapo, vifo vilifika asilimia 90.

Sasa tuihesabu safari hiyo kwa mtu wa Mbwera. Upasuaji wa ubongo, kwa mkazi wa Mkoa wa Pwani, kwa kawaida maana yake ni Muhimbili, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa, MOI. Kutoka Kibiti mjini pekee ni takribani kilomita 140. Kabla ya Kibiti kuna delta, na delta ina ratiba yake: maji yakipwa, baadhi ya mikono ya mto haipitiki hadi yajae tena, na bahari haiahirishi kupwa kwa sababu mtu ameumia. Itafutwe boti, yatafutwe mafuta, lisubiriwe gari upande wa pili. Muda wa saa nne unaweza kuisha kabla majeruhi hajaiona lami. Mtu wa Kariakoo akianguka, kofia yake na hospitali yake husaidiana. Mtu wa Mbwera ana kofia tu.

Kinga yenyewe si ya kubahatisha. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Haiokoi miguu, ambayo ndiyo huvunjika ovyo katika ajali za pikipiki, wala haiahidi chochote kuhusu shingo: Christopher Reeve, mwigizaji wa filamu za Superman, alikuwa amevaa kofia alipoanguka kutoka kwa farasi mwaka 1995, na uti wa mgongo ukaumia shingoni. Anayeihubiri kofia kama hirizi anajitafutia aibu.

Yapo mapingamizi yanayostahili heshima. Joto la pwani ni la kweli. Abiria, hasa wanawake waliosuka au waliojifunga ushungi, hawataki kofia iliyotoka kwenye kichwa cha mtu mwingine, wakihofia chawa na mapunye, na siwezi kuwalaumu. Lakini yote haya yanahusu aina ya kofia na usafi wake. Kofia nyepesi zenye matundu zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, na kitambaa safi cha kuvaa ndani kinaondoa sehemu kubwa ya kero ya pili.

Pingamizi jingine ni la Kibiti hasa. Katika mauaji yaliyotokea huko mwaka 2016 na 2017, watu wenye silaha walikuja na kuondoka kwa pikipiki, na mwaka 2017 polisi walizuia bodaboda kutembea usiku katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mahali palipopita hayo, dereva aliyefunikwa uso mzima huzua maswali yasiyo ya kipuuzi. Kofia inayoacha uso wazi ingetosha hapa, ingawa kinga yake kwa kidevu ni ndogo. Mimi ningeichagua hiyo: kofia inayokubalika kijijini ina faida kuliko iliyo bora zaidi inayobaki ukutani.

Linabaki swali la namna ya kuwafanya watu waivae. Vietnam ilikuwa na sheria iliyodai kofia kwenye baadhi ya barabara tu, na uvaaji ukabaki haba. Tarehe 15 Desemba 2007 ikaidai kwenye kila barabara, na ndani ya muda mfupi zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima walikuwa wakivaa. Ukimwachia mtu kuamua kila safari kama njia ya leo ni ya hatari, atajiambia kila siku kwamba si ya hatari. Tofauti ni kwamba Vietnam ilikuwa na polisi wa kusimamia. Mbwera ina serikali ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaweza kutunga sheria ndogo na kuzipeleka kwa halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Sheria ndogo ya kofia mbili kwa kila pikipiki ya biashara, zenye alama ya Shirika la Viwango (TBS) na mkanda unaofungwa kidevuni, ingesimamiwa na kijiwe chenyewe: asiye na kofia ya abiria hapangiwi zamu.

Wanaosahaulika ni watoto. Mshikaki wa kwenda shule, dereva na watoto wawili au watatu, ni jambo la kawaida vijijini, na kofia ya mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto huzunguka na kumziba macho. Hata Vietnam ilijikwaa hapo, kwa kuwa faini haikuwagusa watoto wadogo, nao wakabaki vichwa wazi nyuma ya wazazi waliovaa. Kijiji kitakachoandika sheria ndogo kianze na kifungu hicho, na gharama ya kofia ya mtoto iwe juu ya mwenye pikipiki anayepokea nauli yake.