Kisii 1929 presha haikuwepo. Likoni leo iko. Nini kilibadilika?

Mtaani kwetu mtu akianza dialisisi, maneno ni yale yale: "Hiyo ni presha ya kwao, hata babake alikuwa nayo." Jirani yetu naye alisemwa hivyo hivyo. Ni dereva wa tuktuk, miaka 41, na mara mbili kwa wiki anavuka ferry kwenda kusafishwa damu kwa mashine. Kabla figo hazijakataa hakujua hata kama ana presha.

Mimi hii stori ya "ya kwao" siikubali hivi hivi. Urithi upo, sikatai. Lakini historia ya Kenya yenyewe inaibishia.

1929 daktari Mwingereza kwa jina C. P. Donnison alichapisha ripoti kwenye jarida la Lancet. Alikuwa akifanya kazi upande wa Kisii, karibu na Ziwa Victoria, na alikuwa amepima presha ya watu wapatao 1,000. Kwa Wazungu presha ilikuwa ikipanda na umri. Kwa watu aliowapima, baada ya miaka 40 ilikuwa inashuka. Na kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini kwake kwa kama miaka miwili, hakukutana na hata mmoja mwenye presha ya juu.

Sasa ujue, huyu alikuwa daktari wa serikali ya mkoloni. Watu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, umri ulikuwa wa kukisia tu. Na maelezo yake kwamba "ustaarabu" ndio huleta maradhi (1937 akatoa kitabu kizima juu ya hilo) yananuka ukoloni. Lakini vipimo vyake huwezi kuvitupa.

Kwa nini? Kwa sababu miaka ya 1980 watafiti, akiwemo Neil Poulter, walifanya kitu kizuri zaidi. Waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Damu ni moja, ukoo ni mmoja. Walioingia mjini presha yao ilikuwa juu ndani ya miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ukaonyesha chumvi imeongezeka na potasiamu, ile ya matunda na mboga, imepungua. Mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, uzito pia.

Hebu fikiria Changamwe. Ni wangapi pale ambao babu zao walitoka bara kuja kutafuta kazi ya bandari na ya reli? Njia ni ile ile, mji tu ndio tofauti. Na sisi wa hapa hapa pwani tusijitoe. Viazi karai na achari jioni, chipsi usiku, soda ya kuteremshia. Chumvi yenyewe haitoki mbali, mashamba yake yako Gongoni na Marereni, ukipita Malindi.

Sasa figo inaingiaje? Kila figo ina vichujio vidogo sana, kama milioni moja hivi, na kila kimoja kinaletewa damu na kamshipa kembamba. Ukiwa umetulia tu, karibu sehemu moja kwa tano ya damu inayosukumwa na moyo inapita kwenye figo mbili hizo. Presha ikikaa juu miaka na miaka, kuta za tumishipa huto zinakuwa nene na ngumu, njia ya damu inabana. Kichujio kinakosa damu, kinakufa, kinabaki kovu. Vilivyobaki vinabeba kazi ya wenzao, navyo vinachoka. Ubaya zaidi, figo iliyobanwa inadhani mwili mzima umepungukiwa damu, inatoa kemikali iitwayo renini, na presha inapanda tena. Harry Goldblatt alilionyesha hilo Marekani 1934: alibana mshipa wa figo ya mbwa, presha ya mbwa ikapanda.

Na haya yote hayaumi. Kibofu kikijaa utajua, jino likioza utajua. Tumishipa hutu tunaziba kimya kimya, unaendelea kuendesha tuktuk yako. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa maishani. Kipimo cha presha ni dakika chache tu. Cha mkojo, kuangalia kama protini inavuja, nacho si kitu kikubwa.

Wale wa utafiti wa Nairobi, kwa taarifa yako, walikuwa vijana. Rika letu.

Jumamosi nikapita duka la dawa hapa Likoni, nikanyoosha mkono. 138 kwa 88. Nina miaka 23. Yule dada akanambia nikae dakika tano, nisiongee, nisishike simu, tupime tena. Ikatoka 136. Akaniuliza jana usiku nilikula nini.