Baba yuko wapi? Watoto wa wafungwa, kutoka Shimo la Tewa hadi Kiogoro

Jirani yangu wa Kisauni, fundi wa kuchomelea vyuma, alihukumiwa miaka 5 kwa kupatikana na mali ya wizi. Yuko Shimo la Tewa, pale karibu na daraja la Mtwapa. Sitazungumzia kesi yake. Alitenda au hakutenda, mahakama ilishaamua. Ninalotaka kuliandika ni habari ya watoto wake wawili, msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6, ambao hawakuitwa mahakamani na majina yao hayamo katika faili yoyote, lakini kifungo wanakitumikia.

Mama yao alikwenda Nairobi kutafuta kazi za nyumbani. Watoto wakapakiwa basi la usiku hadi Kiogoro, nje kidogo ya mji wa Kisii, kwa mama mzaa baba. Kutoka Mombasa hadi huko ni karibu kilomita 800. Mwezi wa Julai mwaka jana nilikuwa na safari yangu ya Kisii, na baba yao akaniomba jambo moja nilipomtembelea. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilikuwa vimebaki kwenye sanduku la vifaa, kwa rafiki yake mwingine. Shule ilikuwa ikivitaka, na nyanya hakuwa navyo. Nivichukue, nimpelekee.

Wengi wetu hatufikirii mambo kama haya. Mtu akikamatwa, hakamatwi na pesa yake tu. Anakwenda na siri ya mahali karatasi zilipo, jina la mwalimu anayemdai, deni la dukani, dawa ambayo mtoto hunywa akibanwa na kifua. Ndani ya siku moja nyumba inabaki haina mtu anayejua. Baadaye mwenye nyumba anataka kodi, na vitu vinatolewa nje.

Kiogoro ni vilima, migomba, mahindi na miparachichi, na baridi ambayo mtu wa Pwani haizoei. Nyanya alinipokea kwa wimbi na chinsaga, mboga ile ambayo sisi huiita mwangani, akanivuta kando kabla watoto hawajarudi shule. "Mwanangu," akaniambia, "hapa baba yao yuko Saudia. Usije ukaniharibia."

Nikamwitikia kwa kichwa. Ni uongo wa huruma, na hata Pwani tunao. Nusu ya mitaa yetu ina mtu kule Arabuni, kwa hivyo unaingia vizuri. Ubaya wake ni kwamba wenye baba Saudia kweli hupigiwa simu za video Ijumaa na hutumiwa viatu. Hawa hawakupata hata salamu kwa miezi 9.

Jioni yule msichana alinisindikiza hadi barabarani kungoja pikipiki. Tulipokuwa peke yetu akaniuliza kama baba yake anakula vizuri huko ndani. Alisema "huko ndani". Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema siku askari walipokuja usiku hakuwa amelala, na tena mtoto mmoja shuleni alishamtangazia mbele ya darasa. "Mimi najua, lakini nyanya hajui kwamba najua. Na huyu mdogo nisimwambie, atalia." Mtoto wa miaka 11 alikuwa amebeba mzigo wa nyumba nzima, akimlinda mzee aliyedhani anamlinda yeye.

Kumwambia au kumficha

Mimi si mtaalamu wa watoto, lakini jambo hili limechunguzwa, na wanaolishughulikia kwa kazi wanakaribia kusema mamoja: mwambie ukweli, kwa maneno ya umri wake, na umwambie kwamba kosa si lake. Mtoto mdogo asipopewa sababu hujitungia yake, na mara nyingi hujiweka mwenyewe katikati: baba ameondoka kwa sababu nilivunja kikombe. Hata kipindi cha watoto cha Sesame Street cha Marekani mwaka 2013 kilitengeneza kikaragosi aitwaye Alex, ambaye baba yake yuko jela, ili watoto wa hali hiyo wamwone mwenzao.

Kwa mtoto wa miaka 6 inatosha kusema: baba alishtakiwa kuvunja sheria, hakimu akaamua akae mahali paitwapo gereza kwa muda, anakula, analala, anakupenda, na kuna siku atatoka. Siku hiyo itajwe kwa kadiri inavyojulikana. Hapo ndipo nilipomfaa nyanya kidogo. Alikuwa akihesabu miaka 5 kamili. Sheria ya Magereza ya Kenya humpa mfungwa mwenye mwenendo mzuri nafasi ya kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake, isipokuwa kwa makosa fulani mazito. Miezi 60 ukitoa 20, inabaki 40. Nyanya alihesabu kwa vidole, akanyamaza, akahesabu tena.

Je, ni damu?

Neno linalowaumiza watoto hawa kuliko njaa ni lile la "mtoto wa mwizi ni mwizi". Nimelisikia Kisauni, nikalisikia tena katika matatu ya kwenda Kisii. Hapa nitasimama kidogo, kwa maana kuna ushahidi.

Huko Uingereza watafiti Joseph Murray na David Farrington walichambua maisha ya wavulana 411 wa London kusini, waliofuatiliwa tangu utotoni hadi utu uzima. Waliotenganishwa na mzazi kwa sababu ya kifungo walikuja kupata matatizo zaidi kuliko waliotenganishwa na mzazi kwa sababu nyingine, kama ugonjwa au kifo. Mwenye kupenda neno la damu atashangilia hapo. Lakini mwaka 2007 walilinganisha na watoto zaidi ya 15,000 wa Stockholm, Sweden, waliozaliwa mwaka ule ule wa 1953. Huko, walipoondoa athari ya uhalifu wa mzazi mwenyewe, kifungo chenyewe hakikuonekana kuongeza madhara. Miongoni mwa sababu walizozitaja kuwa huenda zimeleta tofauti hiyo ni vifungo vifupi, jamaa kumwona mfungwa kwa urahisi, serikali kusaidia familia, na jamii kutowanyooshea vidole. Ikiwa ni hivyo, sehemu kubwa ya madhara iko mikononi mwetu majirani, walimu na machifu, na damu inasingiziwa tu.

Sheria inasema nini

Kuna watoto wanaoingia gerezani wenyewe. Sheria ya Magereza inaruhusu mtoto mchanga kukaa na mama yake aliyefungwa hadi afikishe miaka 4, au hadi apatiwe malezi nje, lipi litangulie. Mavazi na mahitaji yake yanaweza kugharamiwa na serikali. Wakenya wengi walilielewa jambo hili kupitia Teresa Njoroge, aliyeingia gereza la Lang'ata mwaka 2011 akiwa na binti wa miezi 3. Alikaa mwaka mmoja, rufaa yake ikaja kufaulu baadaye, na akaanzisha shirika la Clean Start linalowasaidia wanawake wanaotoka jela.

Watoto wanaobaki nje ni wengi zaidi, na hao hawaonekani. Sheria ya Watoto, tangu ile ya 2001 hadi ya 2022 iliyoichukulia nafasi, humtaja mtoto ambaye mzazi wake amefungwa miongoni mwa wanaohitaji kutunzwa na kulindwa. Maana yake ni kwamba afisa wa watoto wa kaunti ndogo ana wajibu juu yake, na nyanya kama yule wa Kiogoro anapokwenda ofisini hapo haombi sadaka. Simu ya 116 ni ya bure na ni ya watoto. Ruzuku ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi nayo inazilenga familia maskini zinazolea yatima na watoto walio hatarini. Wengi hawaulizi kwa kudhani ni ya yatima tu. Niliionyeshwa fomu moja ya msaada wa karo yenye nafasi ya "yatima" na ya "mzazi mmoja", na nyanya akaniuliza aweke alama wapi. Nilimwambia aandike pembeni kwa kalamu. Sijui kama ilisomwa.

Wakati mzuri zaidi wa kumtaja mtoto ni kabla ya hukumu. Mshtakiwa anapoulizwa ana nini la kusema, aseme ana watoto wangapi, wa umri gani, na nani atakayewalea. Mahakama inaweza kutaka ripoti ya afisa wa probesheni, na afisa huyo hufika hata nyumbani. Na pale kifungo kisipostahili kuzidi miaka 3, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu mtu atumikie adhabu yake kwa kazi ya umma huku akilala kwake. Nawafikiria akina mama wanaofungwa kwa chang'aa kwa kukosa faini tu. Afrika Kusini, katika kesi iitwayo S dhidi ya M ya mwaka 2007, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba hakimu anayemhukumu mlezi wa watoto lazima ayapime maslahi ya watoto hao kwanza. Katiba yetu nayo, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Mtoto una kifungu kizima, cha 30, juu ya watoto wa akina mama waliofungwa, na mwaka 2013 kamati yake ilifafanua kwamba kinaweza kuwafaa pia watoto wa baba au mlezi mwingine.

Kumpeleka kumwona

Wapo wanaosema gereza si mahali pa mtoto. Nilikuwa mmoja wao. Lakini mtoto asiyemwona baba yake humchora kichwani akiwa amefungwa minyororo na kupigwa kila siku, na picha hiyo ni mbaya kuliko benchi na sare. Tangu mageuzi yaliyoanza mwaka 2003 wakati wa Makamu wa Rais Moody Awori, magereza yetu yamefunguka kidogo, na baadhi huwa na siku maalumu ambazo watoto huketi na wazazi wao badala ya kuzungumza kupitia wavu. Ulizia gerezani siku hiyo ni lini kabla ya kukata tikiti, na mwandae mtoto: utapekuliwa, kutakuwa na kelele, muda utakuwa mfupi, baba anaweza kulia.

Umbali ndio unaotushinda. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana. Kisii mjini kuna gereza, na Kamishna Mkuu wa Magereza ana uwezo wa kumhamisha mfungwa. Nimemsaidia jirani yangu kuandika ombi. Jibu halijaja.

Nyanya nilimweleza usiku ule ule kwamba mjukuu wake mkubwa anajua. Alikasirika kwanza, akaniona mgeni mwenye mdomo. Asubuhi nilimkuta jikoni na wote wawili, yule mdogo amekaa mapajani mwake anauliza kama gereza lina televisheni. Niliondoka na barua ya kurasa 2, na karatasi nyingine ambayo mvulana alikuwa ameweka mguu wake na kuuzungushia kalamu, ili baba ajue kiatu sasa ni namba ngapi. Askari wa mlangoni aliisoma barua kama sheria inavyotaka, akaitazama ile nyayo, akairudisha ndani ya bahasha.

Nauli ya watu watatu, kwenda na kurudi, tunaichanga hapa mtaani. Tumefika nusu.